Mupini na Makali: Namna Wazee Wetu Walivyounganisha Vyombo vya Kukata

Wazee wetu wanasema: shoka lisilo mpini halichanji kuni. Mezali hii tunaisikia kwenye mikutano ya jamaa, kwenye ndoa na hata katika mahubiri, na kila mara inatumiwa kufundisha umoja kati ya watu. Ni vizuri. Lakini kabla ya kuwa fundisho la umoja, ilikuwa kwanza neno la watu wa kazi. Ni mutu aliyeshika shoka ndiye aliyeona kwamba chombo hiki ni vitu viwili vilivyounganishwa, na kwamba vitu hivyo viwili havichoki pamoja. Siku moja muti unavunjika na chuma iko bado nzima. Siku ingine chuma inaisha na muti unabaki. Basi inafaa kujua namna ya kuachanisha kile kilichoharibika na kile kinachofaa bado.

Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba ufundi huo wa kubadilisha makali bila kutupa chombo kizima haukuletwa kwetu na kiwanda. Uko katika inchi yetu tangu zamani sana. Tutaona tena kwamba sehemu inayobaki na sehemu inayobadilishwa haziko zilezile nyakati zote, na kwamba jambo hili linagusa maisha yetu ya leo.

1. Jiwe ndani ya mfupa

Kila mwanafunzi wa Kivu amesikia jina la Ishango. Ni pahali ambapo muto Semliki unatoka katika ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga. Katika mwaka 1950, Mubelgiji Jean de Heinzelin, mutaalamu wa jiolojia, alichimbua pale na kupata kipande cha mfupa cha sentimetre kama 10. Juu ya mfupa huo kuna alama zilizokatwa katika safu tatu. Ukizihesabu, unapata 60 katika safu moja, 60 katika ingine, na 48 katika ya tatu. Leo wataalamu wanakubali kwamba mfupa ule uko na miaka 20,000 hivi. Unahifadhiwa Bruxelles, katika muzeo wa sayansi ya viumbe.

Juu ya zile alama, watu wameandika mengi: ni hesabu, ni kalenda ya mwezi, ni mwanzo wa matematika. Hatukatai. Lakini kuna jambo ambalo walimu wengi tunaliacha pembeni. Kwenye ncha moja ya mfupa ule kumefungwa kipande kidogo cha jiwe la kwarsi chenye makali. Maana yake, mfupa wa Ishango ulikuwa mupini. Kabla ya kuwa kitabu cha hesabu, ulikuwa chombo cha kazi: mutu aliushika katika vidole, akakata ao akachora kwa lile jiwe.

Juu ya nini kuweka jiwe ndani ya mfupa, na si kutengeneza kisu kizima cha jiwe? Kwarsi inapatikana sana katika milima na mito yetu. Ukiipiga vizuri inatoa vipande vidogo vyenye makali kama chupa iliyovunjika. Lakini ni vigumu kupata kipande kirefu, na vile vidogo haviwezi kushikwa kwa nguvu bila kuumiza mukono. Ni hapo akili ya mutu wa zamani iliingia: makali yawe madogo, mupini uwe mukubwa.

Tena, Ishango haiko peke yake. Katika Ituri, kwenye mulima Hoyo, kuna pango linaloitwa Matupi. Katika miaka ya 1970 mutaalamu Francis Van Noten alichimbua humo na kupata vipande vingi vidogo vya kwarsi. Vya zamani zaidi vinafika miaka 40,000. Vipande vya namna hii, katika sehemu mingi za Afrika, vilipangwa kwenye mupini wa muti ao wa mfupa na kushikizwa kwa utomvu wa muti uliopashwa moto. Kipande kimoja kikivunjika, unapasha utomvu tena, unakitoa, unaweka kingine, na kazi inaendelea. Mupini ndio uliokuwa wa bei, kwa sababu ulitengenezwa kwa uangalifu. Jiwe lilikuwa la kuokota.

2. Chuma inayopita ndani ya muti

Nyuma ya jiwe ikaja chuma. Katika eneo letu la Maziwa Makubwa, kazi ya kuyeyusha chuma inajulikana tangu zaidi ya miaka 2,000. Hapo mambo yaligeuka. Chuma haikuwa kitu cha kuokota. Iliomba udongo wa madini, makaa mengi, mivukuto, watu wa kupuliza, na siku mingi za kazi. Sasa makali ndiyo yaliyokuwa ya bei kubwa, na mupini ukawa kitu ambacho kila mutu anaweza kukata porini. Shida ya wazee ikawa ingine: namna gani kuokoa chuma wakati muti unavunjika?

Tuangalie shoka la kizungu. Katika shoka lile, chuma iko na tundu, na muti unapita ndani ya chuma. Katika shoka la asili la Afrika ya kati ni kinyume: chuma iko na mukia uliochongoka, na ni chuma inayopita ndani ya muti. Wengine wakiona hivyo wanafikiri ni kazi ya watu wasiojua. Sivyo. Tundu katika chuma linaomba chuma mingi na kazi kubwa kwenye moto. Mukia unaomba chuma kidogo, na muhunzi anautengeneza kwa nyundo tu.

Namna ya kutengeneza mupini ni hii. Wanachagua muti mugumu wenye kifundo kwenye mwisho, pahali ambapo tawi lilitokea ao karibu na muzizi. Pale nyuzi za muti zinazungukana, kwa hiyo haupasuki mbio. Hawatoboi kwa kisu. Wanapasha chuma chenye ncha mpaka kiwe chekundu, na kuchoma tundu polepole. Moto unafanya ukuta wa tundu kuwa laini na mugumu. Tundu linakuwa pana upande wa mbele na jembamba upande wa nyuma, sawa na umbo la mukia wenyewe.

Hapo ndipo ufundi wenyewe uko. Kila mara unapopiga muti, nguvu ya pigo inasukuma mukia ndani zaidi. Kazi yenyewe ndiyo inayokaza chombo. Hakuna musumari, hakuna kamba, hakuna kole. Na ukitaka kutoa chuma, unapiga ncha ya mukia inayotokea nyuma, ao unagonga kichwa cha mupini juu ya jiwe, na chuma inatoka. Wakati wa jua kali muti unakauka, unapunguka, na shoka linaanza kutikisika. Dawa yake kila mukulima anaijua: unalaza kichwa cha shoka ndani ya maji usiku kucha, muti unavimba, na asubuhi chuma imeshikwa tena.

Kuna faida ingine. Katika sehemu mingi za Afrika ya kati, mutu akitoa chuma cha shoka na kukigeuza robo moja, makali yanalala upande mwingine na shoka linakuwa tezo, chombo cha kuchonga mutumbwi, kinu ao kiti. Chuma moja, mupini moja, kazi mbili. Asubuhi anaangusha muti, mangaribi anauchonga. Tunaweza sema bila kiburi kwamba ni mufano mwema wa kile ambacho leo mainjinieri wanajifunza katika vyuo vikubwa.

Kisu nacho kilifuata njia hiyo. Mukia wa kisu, ukiwa moto, uliingizwa katika mupini wa muti, na shingo ya mupini ikazungushiwa waya wa shaba ao wa chuma ili usipasuke. Mupini ukioza, kisu kilipata mwingine.

3. Chuma bila mupini ni mali

Kwa sababu chuma ilitoka kwa urahisi, iliweza kutembea peke yake. Hii ni sehemu ya historia ambayo vijana wetu wameisahau. Katika makabila mengi ya mashariki ya Kongo, jembe lilitumiwa katika mahari pamoja na mbuzi ao ngombe. Lakini lililotolewa ni chuma peke yake, bila mupini. Mupini ni jambo la nyumba: kila mutu anaukata kwa kipimo cha mikono yake na urefu wa mugongo wake. Chuma ndiyo ilibeba bei, ikapita kutoka jamaa moja mpaka ingine, kutoka soko moja mpaka lingine.

Tena, chuma haikufa. Jembe lililokwisha kwa kulima lilirudishwa kwa muhunzi, naye akalifanya jembe dogo la palizi. Lile dogo likiisha, likawa kisu. Kisu kikiisha, kikawa wembe ao ncha ya mushale. Kila mara mupini ulibadilika, lakini chuma ilikuwa ileile.

Si ajabu basi kwamba muhunzi alipewa heshima kubwa. Katika bonde la Upemba, huko Katanga, watafiti walifungua makaburi ya zamani karibu na ziwa Kisale: Jacques Nenquin na Jean Hiernaux katika miaka 1957 na 1958, na nyuma yao Pierre de Maret kuanzia miaka ya 1970. Katika kaburi moja, la kati ya karne ya 8 na ya 10 hivi, walikuta fuawe la chuma karibu na kichwa cha marehemu, pamoja na shoka ambalo mupini wake ulipambwa kwa misumari ya chuma. Mutu yule hakuzikwa na vyombo vyake vya kazi tu. Alizikwa na alama za ukubwa wake. Karne nyingi nyuma, Waluba waliendelea kuunganisha ufalme na kazi ya chuma, na mashoka ya heshima ya wakubwa wao yalikuwa na kichwa cha mwanamuke kilichochongwa kwenye mupini. Kati ya Wasongye, mupini ulivikwa shaba, na chuma yenyewe ikatobolewa mapambo yenye sura ndogo za watu. Hata katika mashoka hayo yasiyokata kuni, namna ya kuunganisha ilibaki ileile: mukia wa chuma ndani ya muti.

4. Vyombo vya kiwanda

Kuanzia mwanzo wa karne ya 20, majembe, mapanga na mashoka ya kiwanda yaliingia kwa wingi. Yalikuwa ya bei ndogo kuliko yale ya muhunzi. Matanuru ya kuyeyusha chuma yalizimika moja kwa moja, na watoto wa wahunzi wakaenda kwenye migodi, kwenye reli na kwenye mashamba ya wazungu. Kazi ya kufua chuma haikufa, lakini ilianza kula mabaki: vipande vya reli, na zaidi sana resori za magari. Hata leo resori ya gari ya zamani ndiyo mama wa visu vingi vya soko letu.

Inafaa tuwe wenye haki. Haiko kila chombo cha kiwanda kilikuwa kibaya. Shoka lenye tundu lina nguvu, na mupini wake unabadilishwa vizuri: unachonga muti, unauingiza, unapiga kabari juu, basi. Wakulima wetu walijifunza mbio. Musumeno wa kukata chuma nao ni chombo cha akili: fremu inabaki miaka mingi, na ule utepe wa meno unafunguliwa kwa parafujo moja na kubadilishwa.

Lakini tuangalie panga la kawaida. Mupini wake ni vipande viwili vya muti ao vya plastiki, vimebana chuma kwa misumari iliyopondwa pande zote mbili. Plastiki ikipasuka, hakuna njia rahisi ya kutoa ile misumari bila patasi na nyundo. Ndiyo maana tunaona mapanga mengi yamefungwa kwa vipande vya mupira wa gurudumu. Wale wanaofanya hivyo si wavivu. Ni watu wanaojaribu kurudisha kile ambacho kiwanda hakikufikiri, ni kusema mupini wa kubadilisha.

5. Wembe wa kutupa

Sasa tufike kwenye chombo ambacho kiligeuza historia yote ya makali. Mumarekani King Camp Gillette aliomba hati ya uvumbuzi katika mwaka 1901, na akaipata katika mwaka 1904. Wazo lake: wembe mwembamba sana wa chuma, wenye makali pande mbili, unaobanwa ndani ya mupini wa kudumu. Ukikosa makali, haunolewi, unatupwa. Katika mwaka wa kwanza wa kuuza, 1903, aliuza mipini 51 na nyembe 168 tu. Nyuma yake biashara ile ikafunika dunia.

Tuone tofauti. Kwa wazee wetu, chuma ilikuwa ya bei na mupini ulikuwa wa bure. Kwa Gillette, mashine za kiwanda zilifanya chuma kuwa ya bei ndogo kabisa, na mupini ndio uliobaki. Tumerudi Ishango: mupini wa kudumu, makali ya kutupa! Lakini kuna jambo moja haliko sawa. Mutu wa Ishango aliokota kwarsi yake mwenyewe kwenye muto. Mutu wa Gillette anapashwa kurudi dukani siku zote. Anayeuza makali anamushika mununuzi kwa njia ya mupini.

Hata hivyo, njia hii ilileta mema mengi. Katika mwaka 1915 Mumarekani mwingine, Morgan Parker, alipata hati kwa kisu cha upasuaji cha sehemu mbili: mupini wa chuma, na makali ya kuchomeka na kuchomoa. Wauguzi wetu wanakijua vizuri. Mupini namba 3 unashika makali namba 10, 11 na 15. Mupini namba 4 unashika yale makubwa, kuanzia namba 20. Haijalishi yametoka kiwanda gani, kwa sababu viwanda vilikubaliana juu ya kipimo. Na katika mwaka 1956, huko Japani, Yoshio Okada alitengeneza kisu chenye utepe wa chuma uliokatwa alama. Ncha ikikosa makali, unaivunja kwenye alama na makali mapya yanatokea. Inasemwa kwamba alipata wazo kwa kuona vipande vya kioo na kwa kukumbuka shokola inavyovunjwa kipande kwa kipande. Leo kisu hicho kinauzwa kwenye kila meza ya vitu vya ofisi katika miji yetu.

Kwa upande wa afya, makali ya kubadilisha ni jambo la uzima na kifo. Zamani wembe moja wa muhunzi ulinyoa kijiji kizima, ukachanja dawa, ukakata kitovu cha mutoto na kutahiri vijana. Tangu tunajua habari ya ukimwi na ugonjwa wa ini, hakuna mutu mwenye akili anayeweza kutetea desturi hiyo. Tunaweza kuheshimu kazi ya mutahiri na ya mukunga bila kuheshimu wembe wao wa zamani. Kila mutu wembe wake: hapo kiwanda kilitusaidia, na inafaa tukiri.

6. Mafundisho ya kubaki nayo

Tukikusanya yote, tunaona kwamba chombo chema cha kukata kinafuata sheria ine. Ya kwanza: kinachoharibika mbio kiwe ni kile cha bei ndogo na kinachopatikana karibu. Ya pili: kazi ikaze kiungo, isikilegeze, kama mukia wa shoka letu. Ya tatu: kiungo kifunguliwe kwa vitu ambavyo mwenye chombo anavyo nyumbani, jiwe, moto ao maji, na si kwa chombo cha fundi wa mbali. Ya ine: vipimo vilingane, ili makali ya fundi huyu yaingie katika mupini wa fundi yule.

Wazee wetu walitimiza sheria tatu za kwanza vizuri sana. Ya ine hawakuihitaji, kwa sababu muhunzi na mukulima walikuwa jirani; kila tundu lilichomwa kwa mukia wake. Kiwanda kiko na nguvu katika sheria ya ine, lakini mara mingi kinasahau ya kwanza na ya tatu, kwa sababu kiko mbali na mwenye kazi.

Ni hapo shule zetu zinaweza kufanya kitu. Tuko na shule za ufundi, tuko na wahunzi wa resori kando ya masoko, tuko na maseremala. Watu hao watatu hawazungumzi pamoja. Kama wahunzi wa soko moja tu wangekubaliana juu ya unene na urefu wa mukia wa kisu, wa tezo na wa shoka, seremala angechonga mipini mingi mbele ya wakati, na mama mukulima angebadilisha chuma ao mupini kwa dakika chache, bila kutupa chombo kizima. Haiombi mashine kubwa. Inaomba kipimo kimoja kilichokatwa katika bamba la chuma na kutundikwa kwenye kila kiwanda cha muhunzi.

Na sisi walimu, wakati tunafundisha Ishango, tuongeze neno. Tusiwaambie watoto tu kwamba babu zao walijua kuhesabu. Tuwaambie tena kwamba walijua kutengeneza mupini na kuweka makali ndani yake. Mutoto anayesikia kwamba wazee wake walihesabu anafurahi. Anayesikia kwamba walitengeneza, anaweza kushika patasi.

Kwa kumalizia, tunarudi kwenye ile mezali. Shoka lisilo mpini halichanji kuni, ni kweli. Lakini tujiulize leo mupini uko mikononi mwa nani, na makali yanatoka wapi. Tukiwa na mupini tu, na makali yote yakatoka mbali, siku ambayo barabara imefungwa ao bei imepanda, kuni zitabaki bila kuchanjwa hata kama mikono yetu iko na nguvu. Wahunzi wachache wanaobaki kando ya masoko yetu wanajua bado kutengeneza mukia wa chuma. Tuwatumie vijana kwao mapema, moto wao ungali unawaka.